"Hakuna Shida" Iliyonikimbizia Mnunuzi

Wadogo zangu mlioingia juzi katika kazi ya kuuza mazao nje, wiki hii nimemsikia mmoja wenu, hapa hapa ofisini Dodoma, akimwambia mnunuzi wa Ujerumani kwamba hakuna shida, mzigo utatoka Ijumaa, ilhali ghala liko mbele ya macho yake na ufuta uliomo haujapepetwa hata gunia moja. Nilinyamaza, kwa sababu nami niliwahi kusema hivyo hivyo.

1. Adabu yetu ya kutomkatalia mtu usoni haivuki bahari. Mwaka wangu wa kwanza, Mjerumani mmoja aliuliza kama tungeweza kupakia kontena la asali ya Manyoni mwishoni mwa Juni. Nilijua fika kwamba wafugaji nyuki walikuwa hawajarina, nami nikajibu, "Tutajitahidi." Mgogo au Mnyaturu angenielewa papo hapo, angecheka kidogo na kwenda kutafuta asali kwingine. Yule aliipokea kuwa ahadi, akalipia nafasi melini na kuwapa wateja wake tarehe. Kwa wiki tatu aliulizia mzigo, na kwa wiki tatu nilimjibu kwa salamu ndefu na habari za mvua, mpaka nikawa naiacha simu iite kwa aibu. Barua yake ya mwisho haikuwa na tusi; ilisema tu kwamba, kama ningemwambia hapana siku ile ya kwanza, angesubiri hadi Agosti. Ninayo mpaka leo kwenye droo.

2. Muda wa kikao uandikwe kwa tarakimu, 15:00, pamoja na nchi, kwani "saa tatu" yetu si yao. Mwezi nao uandikwe kwa jina, maana Mmarekani akiona 04/07 anasoma Aprili 7.

3. Wajapani wanaonunua ufuta wetu wakisema jambo "ni gumu kidogo", wamekataa, kwa hiyo msikimbilie kushusha bei. Nashangaa sana kwamba vijana mliolelewa na wajomba wa "tutaona" hamlitambui jibu hilo.

4. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, na viwanda vingi hufungwa. Msipange malipo wakati huo.

Na wewe wa Ijumaa, Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa moja au mbili kufuatana na majira, hivyo bado wako kazini. Mpigie sasa, umtajie idadi ya magunia yaliyo tayari, na usianze na habari za mvua.