Maswali na Majibu: Shahada ya Elimu ya Viungo, Deni la Mkopo na Kipato

Maswali ya safari hii yote yanahusu jambo moja: je, kijana anayetaka kusomea elimu ya viungo na sayansi ya michezo atapata kipato cha kumtosha kuishi na kulipa deni la masomo?

Swali: Nimemaliza kidato cha sita na napenda sana kufundisha michezo. Ndugu zangu wanasema shahada hii itaniachia deni la Bodi ya Mikopo ambalo mshahara wa mwalimu hautaliweza. Ni kweli? (Songea)

Deni hilo linalipika, na ni vyema ulione kwa tarakimu. Tuchukue mfano wa mwalimu wa serikali mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Mchango wa pensheni wa asilimia 5 ni 40,000, bima ya afya ya asilimia 3 ni 24,000, na kodi ya mapato, ambayo hukokotolewa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, ni 68,000. Mkononi hubaki 548,000, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi. Ikiwa anadaiwa milioni 10, atamaliza kulipa katika muda wa takriban miaka saba, na mapema zaidi mshahara ukipanda.

Makato ya asilimia 15 hayategemei ukubwa wa deni. Anayedaiwa milioni 6 na anayedaiwa milioni 14, wakiwa na mshahara sawa, hukatwa kiasi kilekile kila mwezi, na tofauti yao ni idadi ya miaka tu. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, tozo ambayo ilikuwa ikilifanya deni la mhitimu asiye na kazi livimbe mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo siogopi deni la Bodi kwa niaba yako kama ninavyoogopa miaka ya kusubiri ajira.

Hapo ndipo uchaguzi wako unapohitaji uangalifu mkubwa. Nafasi za walimu serikalini hutangazwa kwa somo, na mwombaji hushindana na wenzake wa somo hilo katika usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Shule za sekondari zinazofundisha elimu ya viungo kama somo la mtihani bado ni chache, ingawa karibu kila shule ina kiwanja na hupeleka wanafunzi kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeongeza matumaini, kwa kuwa shule za msingi sasa zina somo la Sanaa na Michezo, lakini matumaini hayo hayajawa ajira kwa kila mhitimu. Kabla ya kuthibitisha chuo, uliza idara husika utafundisha somo gani la pili, na kama cheti chako kitalitaja waziwazi. Mwenye elimu ya viungo pamoja na Baiolojia au Hisabati ana milango miwili ya kubisha. Kwa maoni yangu, somo la pili lina uzito kuliko jina la chuo.

Swali: Mwanangu amepata mkopo usiotosha ada yote. Nifikirie kuuza kiwanja au kukopa kwenye chama chetu cha akiba? (Mzazi, Morogoro)

Mzazi, fedha unayotaka kuitafuta ni ghali kuliko ile ya Bodi, kwa sababu mkopo wa chama una riba na marejesho yake huanza mara moja, wakati mwanao angali darasani. Mnufaika wa Bodi hupewa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kudaiwa. Kwa hiyo anza na hatua zisizo na gharama kubwa: akate rufaa Bodi ikiwa vielelezo vya hali ya familia havikukamilika, kisha aombe chuo kimruhusu kulipa ada kwa awamu. Zikishindikana zote mbili, kukopa kiasi kidogo cha mwaka mmoja kunaweza kuvumilika. Kiwanja nakusihi usikiuze, kwa sababu mshahara niliouonyesha hapo juu hautamwezesha mwanao kukununulia kingine kwa miaka mingi.

Ipo pia njia ya stashahada, ambayo familia nyingi huidharau bila sababu. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo Kwimba mkoani Mwanza, kimekuwa kikiwaandaa walimu na wataalamu wa michezo kwa muda mrefu. Anayeajiriwa kwa stashahada huanza na mshahara mdogo zaidi, lakini anaweza kujiendeleza hadi shahada akiwa tayari ana kipato.

Swali: Nafundisha mazoezi watu binafsi na watoto wa akademia, sina mwajiri. Bodi itanisubiri hadi niajiriwe? (Dar es Salaam)

Haitakusubiri. Aliyejiajiri naye anawajibika kurejesha, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye kipato kinachopanda na kushuka huumia zaidi kwa kiwango hicho kuliko mwenye mshahara, kwa hiyo weka akiba katika miezi ambayo wateja ni wengi, na jisajili mwenyewe Bodi kabla hujatafutwa.

Swali: Sisi wa Kenya tuna HELB, bodi yetu ya mikopo ya elimu ya juu. Hesabu yetu ni tofauti? (Kisumu)

Ni tofauti, na ni kali zaidi. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, huiva mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Walimu wengi wapya wa sekondari huanza kama wanagenzi wa TSC, tume inayoajiri walimu, kwa posho ya shilingi 20,000, hivyo faini ya miezi minne peke yake inameza posho ya mwezi mzima. Kwa upande mwingine, shule za upili zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo chini ya mtaala wa umilisi, jambo linalolipatia somo hili nafasi ambayo halikuwa nayo. Ukipata nafasi ya uanagenzi, wasiliana na HELB mapema mkubaliane kiwango unachokimudu.

Swali: AFCON ya 2027 itafanyika kwetu. Je, haitaleta ajira kwa wahitimu wa michezo? (Arusha)

Italeta kazi za wiki chache, na anayezipata azifanye kwa moyo wote, kwa kuwa uzoefu huo utamsaidia katika maombi yajayo. Usichukue mkopo wa miaka saba kwa kutegemea mashindano ya mwezi mmoja. Ukitaka kipato cha ziada kinachodumu, tafuta leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ukiwa bado chuoni, kwa sababu klabu na akademia huitazama leseni kabla ya shahada.