Kumwandikia mchumba aliye vitani nikiwa likizo

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko likizo nyumbani Bombo, Uganda. Mchumba wangu ni askari, yuko Kongo upande wa Ituri. Wazee wake walishaleta posa na mahari yamekubaliwa, ila alipelekwa vitani kabla ya ndoa. Huko mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo namwandikia barua za karatasi na kumpa askari yeyote anayerudi kikosini. Shangazi ameikuta moja. Anasema ni haramu, tena ni aibu mtu kukaa kivulini anakula maembe na kuandika mapenzi huku wenzake wanakufa. Je, nina dhambi? Na katika barua hiyo niliapa: "Wallahi sitaolewa na mwingine hata usiporudi."

JIBU: Waalaykumu ssalaam, binti yangu.

Nianze na maembe, maana naona ndiyo yaliyokuuma. Kupumzika likizo si dhambi, na kumkumbuka mtu aliye hatarini si upuuzi. Sayyidna Umar (r.a.), akiwa khalifa, alipokuwa akizunguka Madina usiku alimsikia mwanamke akighani mashairi ya upweke, mumewe yuko jihadi. Hakumkemea. Alikwenda kwa bintiye Hafsa kumuuliza mwanamke huweza kuvumilia muda gani bila mume, kisha akaweka kikomo cha askari kukaa vitani. Riwaya zinatofautiana kati ya miezi minne na sita. Yule, hata hivyo, alikuwa mke. Wewe bado.

Hapo ndipo shangazi yako ana haki kidogo. Posa ni ahadi, si ndoa. Hata mahari yakiwa yamekubaliwa na wazee wamekwisha kula na kushiba, huyo kijana kwako ni ajnabi, yaani mwanamume wa kando, mpaka ndoa ifungwe. Wanachuoni wana kanuni kwamba maandishi yana hukumu ya mazungumzo: usiloweza kumwambia mbele ya baba yako, usiliandike. Katika Suratul Ahzab, aya ya 32, wake wa Mtume (s.a.w.) waliambiwa wasilegeze maneno, waseme maneno ya wema, na wanachuoni wakawaingiza waumini wengine wa kike katika adabu hiyo. Kumjulia hali, kumwombea dua, kumweleza kwamba mama yake amepona na mvua imenyesha, hayo ni maneno ya wema. Hata hayo maembe mwandikie. Niliwahi kumsomea mama mmoja asiyejua kusoma barua za mwanawe aliyekuwa vitani kaskazini, na kila mara kijana alikuwa akiulizia ng'ombe. Mashairi ya mwili yaweke kando kwanza. Isitoshe, barua hiyo inapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kumfikia?

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Usimwulize wako wapi, wangapi, wala wanaondoka lini, na akikuandikia usimsimulie mtu. Mwaka wa 8 Hijria Hatib bin Abi Baltaa, sahaba aliyepigana vita vya Badri, aliwaandikia Makureshi, maadui wa Makka, kuwajulisha kwamba Mtume anawaendea. Barua ilikamatwa njiani, imefichwa katika misuko ya nywele za mwanamke. Hatib alisamehewa kwa ajili ya Badri. Wewe na mimi hatuna Badri ya kututetea.

Kiapo chako kinahesabika kwa kuwa umetaja jina la Allah ukikusudia. Lakini hakikufungi maisha. Mtume (s.a.w.) amesema anayeapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, afanye lililo bora na atoe kafara. Kafara, kwa aya ya 89 ya Suratul Maida, ni kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Kwa sasa hudaiwi kitu. Siku ukiolewa na mwingine, ndipo utatoa.

Sasa nikwambie ninaloliona mimi. Mbona mnangoja? Mtume (s.a.w.) alimwoa Ummu Habiba, naye Ummu Habiba yuko Habasha (Ethiopia), bahari na jangwa kati yao. Ujumbe ulipelekwa kwa Najashi, mfalme wa huko, naye akatoa mahari kwa niaba yake, dirham 4,000 kwa riwaya ya Abu Daud. Mchumba wako anaweza kumfanya kaka yake wakili wake kwa barua hizohizo. Ashuhudishe wenzake wawili, si kwa kuwa ni sharti, bali kuzuia ubishi. Baba yako, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, atamwambia huyo kaka: "Nimemwozesha fulani, aliyekufanya wakili wake, binti yangu fulani," naye atajibu: "Nimemkubalia fulani ndoa yake." Jina la mume litajwe. Baba akiteleza akasema "nimekuozesha wewe", mambo yataharibika. Ndoa ya simu siishauri. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu mikataba mingi kwa njia hizo, likaitoa ndoa kwa sababu ya mashahidi. Kijana aulize pia wakuu wake kama anahitaji ruhusa, na kadhi aandike cheti.

Pima kabla ya kukubali, maana huko ni vitani. Leo akifariki, Allah amhifadhi, huna eda wala mirathi. Ndoa ikishafungwa, hata kama hamjaonana, utakaa eda ya miezi minne na siku kumi, utapata mahari kamili na utamrithi. Sahaba Ibn Masud alipotoa hukumu hiyo, alisimama mtu akashuhudia kwamba Mtume alihukumu vivyo hivyo kwa Barwa binti Washiq, aliyefiwa na mume kabla hawajakutana. Zungumza na wazazi wako usiku mmoja bila haraka, na shangazi awepo.

Ndoa ikipita, andika utakavyo, na shangazi asizifungue tena. Wallahu aalam.