Mnaoanza mazingaombwe, msiikimbilie TV na michezo yenu yote

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mazingaombwe, kila mara napata meseji ya mtu anauliza afanyeje atoke kwenye TV, na mi huwa namuuliza kwanza, una michezo mingapi ambayo ukiionyesha leo, kesho bado unabaki na cha kuonyesha? Maana stejini mchezo mmoja unaweza kukulisha miaka kumi, unabadilisha ukumbi tu, watu wapya hawajauona. TV sio hivyo, ukienda hewani mara moja umeonekana na kila mtu, na siku hizi wataurudisha nyuma, watausimamisha, watauangalia polepole mpaka waone ni kidole gani kimecheza.

Mi nlijifunza kwa kuumia. Nliitwa kwenye kipindi nikapewa dakika 8, kwa ile furaha nikamwaga michezo yangu sita, ile mizuri kabisa, kazi ya miaka. Wiki iliyofuata nipo stejini, natoa karata ya kwanza, dogo mmoja mstari wa mbele anamwambia mwenzake "sa hivi itatokea kwenye koti." Na ikatokea kwenye koti. Ukumbi kimya.

Sasa mtazameni David Copperfield, yule mwanamazingaombwe wa Marekani, alivyokwenda. Kipindi chake cha kwanza kilikuwa kwenye kituo cha TV cha ABC mwaka 1977, mwaka uliofuata akawa kituo kingine, CBS, na kwa miaka mingi karibu kila mwaka alikuja na kipindi kipya chenye jambo moja kubwa la kusimuliwa. 1983 akaifanya ipotee machoni pa watu Sanamu ya Uhuru, ile kubwa ya New York, 1986 akapenya Ukuta Mkuu wa China. Sanamu huwezi kuizungusha ukumbi kwa ukumbi, ile ilikuwa ya kujenga jina, halafu jina ndo likauza tiketi za steji, na kule Las Vegas alikuwa anafikisha mpaka shoo 15 kwa wiki. Hesabuni wenyewe hapo mkate ulikuwa wapi.

Na lile la sanamu lina somo lingine ambalo wengi hawalioni. Aliweka watu pale pale, wamekaa kwenye viti wanaangalia kwa macho yao, maana mtu wa nyumbani akishahisi ni ujanja wa kamera basi, umempoteza. Halafu akamtaja mama yake, aliyeiona sanamu ile mara ya kwanza akiwa kwenye meli anaingia Marekani kama mhamiaji. Yaani kabla hakijapotea kitu, mtazamaji ameshajua kupotea kwake kunauma. Ukipoteza sarafu bila sababu umepoteza sarafu tu. David Blaine, mwanamazingaombwe mwingine wa Marekani, naye 1997 akaja na njia ya bei rahisi kuliko zote, akaingia mtaani na karata, kamera ikawageukia watu, na zile sura zao ndo zikawa kipindi.

Kuhusu mazoezi, acheni kukitegemea kioo peke yake. Kwenye kioo nlikuwa naficha sarafu kiganjani naona safi kabisa, siku nimejirekodi na simu nikakuta ile nukta ya kuificha mi mwenyewe napepesa macho, kila mara, ndo maana nlikuwa sioni kosa! Simu haipepesi. Iwekeni kulia, kushoto, na chini usawa wa mtu aliyekaa mstari wa mbele, kwa sababu ukumbini watu wanafuata macho yako ila kamera inaangalia ilikoelekezwa, na mpiga picha hajui pembe yako ya hatari ni ipi. Mwambie kabla hamjaanza, na asipokubali kusimama unapotaka, badilisha mchezo, usibishane naye.

Siku hizi nina daftari, kila mchezo una ukurasa wake, uliokwenda hewani naupiga mstari mwekundu na sirudi kuutegemea stejini. Nikialikwa kwenye kipindi nachukua mmoja tu. Kurasa sita za mwanzo zote zina mstari, tarehe moja.