Flapu: kushusha ni rahisi, kazi iko kwenye kupandisha

Kila mwanafunzi wa urubani hukariri namna ya kushusha flapu, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Kupandisha hatukukazania hivyo, na ndiko nilikokaribia kuumia.

Nilikuwa peke yangu, nafanya mazoezi ya kutua na kupaa mfululizo, kwenye ndege ya mabawa ya juu yenye flapu za umeme. Nilizishusha zote, nikaona bado niko juu mno, nikaghairi kutua. Nikasukuma mafuta hadi mwisho, nikainua swichi. Kimya. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, na ndege inapanda kama mtu aliyebeba gunia la saruji ngazini. Nilijizuia kuvuta pua juu, nikalinda kasi, nikazunguka taratibu na kutua na flapu zikiwa vilevile. Fundi alikuta swichi ndogo ya kikomo iliyo ndani ya bawa, ile inayokata umeme flapu zinapofika mwisho, imeshikwa na uchafu.

Kilichoniuma ni kwamba asubuhi ile nilizikagua. Nilizishusha, nikazunguka ndege nikitikisa hiki na kile, kisha nikazipandisha huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi ya ukaguzi. Siku hizi nazipeleka chini hadi mwisho, nazirudisha juu hadi mwisho, na natazama kushoto na kulia kama zinakwenda sawa. Fimbo au waya wa upande mmoja ukikatika, flapu moja itabaki nyuma na ndege itataka kubingirika. Angani ukihisi hivyo wakati wa kushusha, rudisha swichi mara moja pale ilipokuwa. (Ukaguzi huu usiurefushe injini ikiwa imezimwa, mota ile hula betri.)

Sasa kupandisha kwenyewe. Digrii za mwisho za flapu huongeza ukinzani wa hewa kuliko zinavyoongeza nguvu ya kuinua. Ndiyo maana kitabu cha Cessna 172S, ndege ndogo ambayo flapu zake hufika digrii 30, kinataka unapoghairi kutua uweke nguvu zote, urudishe flapu hadi 20, kisha upande kwa noti 60 hivi (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Digrii zilizobaki zinapandishwa kidogokidogo, ukishavuka vizuizi na kasi ikiwa imekaa sawa. Ukizipandisha zote kwa mkupuo, ndege itazama, na uko karibu na ardhi. Kwenye ndege za Piper zenye mtaimbo wa mkono wa flapu katikati ya viti, hatari hiyo iko kiganjani: ukibonyeza kitufe chake bila kuushika mtaimbo imara, hewa inausukuma na flapu zinapanda zote kwa pamoja.

Kwa upande wa matunzo, mimi huanzia kwenye vigurudumu vidogo vinavyotembea ndani ya reli za flapu. Kigurudumu kisichozunguka huburuzwa. Kinachongeka upande mmoja, kisha kinaanza kuila reli. Shika ncha ya nyuma ya flapu, itikise polepole. Kulegea kidogo ni kawaida, ila kukiongezeka wiki hadi wiki mwite fundi. Angalia pia kama kigurudumu kinakwaruza bamba la pembeni, kwa sababu washa (vile vipete bapa vya chuma) za hapo zikipungua, mkwaruzo huo ndio unaofuata. Grisi itumike ile iliyotajwa kwenye kitabu cha matengenezo, kwa kiasi. Wanaopaka kwa ukarimu wanatengeneza gundi ya vumbi. Baada ya kuosha ndege kwa maji ya nguvu, kagua upya.

Na ukivuka kasi ya flapu, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa zikiwa zimeshushwa, sema. Kwa 172S ni noti 110 kwa digrii 10 za kwanza na 85 kwa zaidi ya hapo, mwisho wa tao jeupe kwenye kipima kasi. Niliwahi kuivuka nikiwa na haraka, nikasita kusema kwa aibu, kisha nikamweleza fundi. Alipopitisha kidole chini ya flapu ya kulia, bamba lilikuwa limekunjamana karibu na mabano ya chuma yanayoishikilia. Rubani aliyefuata alikuwa ameshavaa mkanda.