Kuchelewa kulala si uvivu

Je, anayechangamka usiku na kuchelewa kulala ni mvivu? Hapana. Uhusiano kati ya saa za kulala na tabia upo, ila si mkubwa: wanaoamka mapema huelekea kuwa watu wa mpangilio na kujituma, kama zinavyoonyesha tafiti zilizotumia madodoso kama lile la watafiti Horne na Östberg la 1976, linalopima kama mtu ni wa asubuhi au wa usiku. Lakini saa ya mwili hutegemea pia jeni na umri. Kijana akibalehe, usingizi wake huanza kuchelewa. Uzeeni huwahi tena. Kwa hivyo tafadhali, yule mwanafunzi anayesinzia kwenye matatu ya Githurai saa kumi na moja alfajiri, begi amelikumbatia kifuani, msimseme vibaya. Mwili wake bado uko usiku. Na wengi wetu tuko katikati, si huku wala kule.