Fulana niliyopewa kimakosa

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa la mstari mmoja: "Vita vilivyowagawa Wakorea: walaumiwe wakubwa wa dunia au Wakorea wenyewe?" Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Tanga, na kabla sijafika dirishani jibu nilikuwa nalo. Wakubwa. Nimelelewa na baba aliyefundisha siasa enzi za Azimio la Arusha. Nyumbani kwetu ubeberu ulijibu kila swali, hata la umeme kukatika.

Na ushahidi upo. Agosti 1945, Japani iliyoitawala Korea tangu 1910 ikiwa inakata roho, makanali wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walikaa usiku huko Washington na ramani ya National Geographic. Walikuwa na kama nusu saa ya kutafuta pa kuikata Korea, Warusi wakae kaskazini na wao kusini. Wakachagua latitudo 38 kwa kuwa iliiacha Seoul upande wao. Stalin hakubisha. Mkorea hakuulizwa. Mdigo wa Horohoro ambaye shangazi yake yuko Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Ningeishia hapo, nikatuma kwa simu na kwenda zangu. Kilichonizuia ni fulana moja ya baridi iliyo ndani ya begi juu ya kabati langu, ambayo kwa haki si yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa nasoma Chuncheon, mkoa wa Gangwon, Korea Kusini. Ukiwa Mwafrika Chuncheon unapewa Uhabeshi bila kuomba. Pale pana kumbukumbu ya kikosi cha Kagnew, askari wa Haile Selassie, mfalme wa Uhabeshi (Ethiopia), waliokwenda kupigana upande wa Kusini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Zaidi ya 120 hawakurudi. Wazee walikuwa wakinisimamisha kituo cha basi, wananishika mkono kwa mikono yao miwili, wananishukuru. Mwanzoni nilisahihisha: mimi Mtanzania. Baadaye nikachoka, nikawa napokea tu shukrani za watu. Wahabeshi mnisamehe.

Mwaka ule Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, ilikuwa Septemba 19. Mwanafunzi mwenzangu akanichukua tukale sikukuu kwa bibi yake, Sokcho, pwani ya mashariki. Na hapa niseme kitu kwa wanaodhani mpaka wa leo ndio ule wa makanali. Sokcho iko kaskazini ya latitudo 38. Kuanzia 1945 hadi 1950 ilikuwa upande wa Kaskazini. Kaesong iko kusini ya latitudo hiyo hiyo, na leo ni ya Kaskazini. Mstari wa penseli uliliwa na vita, ukachorwa mwingine kwa maiti.

Bibi alikaa mtaa wa Abai, kipande cha mchanga kati ya bahari na ziwa. "Abai" kwa lahaja ya Hamgyong, huko kaskazini, ni mzee, babu. Waliojenga pale ni wakimbizi waliopanga kukaa wiki chache, njia ikifunguka wawe wa kwanza kufika kwao. Kuingia mtaani unavuka kwa kitu kinaitwa gaetbae: jukwaa bapa lisilo na injini, waya wa chuma umefungwa ng'ambo hadi ng'ambo, na abiria mnapewa kulabu mvute wenyewe. Nilivuta, jasho likanitoka, nikawaza pantoni ya Kigamboni ingekuwa hivi watu wangefika kazini saa ngapi.

Jumatano, mkesha wa sikukuu, tulikaa sakafuni jikoni tukijaza ngisi. Chakula kikuu cha mtaa ule ni utumbo wa nguruwe uliojazwa wali. Mjukuu alipomwambia kwamba mimi ni Mwislamu, bibi hakuuliza hata swali moja. Alisema kwanza hao ngisi walianza kujazwa kwa sababu wakimbizi hawakuwa na hela ya utumbo. Unamng'oa ngisi kichwa, unamsafisha ndani kwa kidole, unamtia wali wa kunata, karoti na majani ya vitunguu. Usishindilie, maana akiiva hunywea na kupasuka. Kisha unamfunga mdomo kwa kijiti cha meno. Watatu wa kwangu walipasuka.

Nikaona nichangamshe mazungumzo. Nikamwambia, mjukuu akitafsiri, kwamba hata sisi Wazungu walituchorea mipaka wakiwa mezani, kwa hiyo namwelewa. Nilidhani nampa pole. Bibi akajaza ngisi wawili bila kusema neno. Halafu akaanza, kwa lahaja ambayo mjukuu mwenyewe ilibidi amwombe arudie mara mbili mbili.

Kwao ni Bukcheong, huko Kaskazini. Baba yake alikuwa na mashamba, si mengi, akiyakodisha. Machi 1946 utawala mpya wa Kaskazini ukagawa ardhi, mashamba yakaenda kwa waliokuwa wakiyalima. Mmoja wao, jirani waliyekuwa wakiazimana naye vyombo, ndiye aliyekuja na karatasi. Baba hakuishi muda mrefu baada ya pale. Oktoba 1950, vita vikiendelea, majeshi ya Kusini na ya Wamarekani yakapanda hadi huko. Usiku mmoja vijana wa kijiji wakamfuata yule jirani. Kaka yake bibi alikuwa mmoja wao. Alirudi alfajiri, akanawa mikono kisimani, akala. Jirani hakuonekana tena.

Desemba Wachina walikwisha kuingia vitani na majeshi yale yakawa yanarudi mbio. Kaka akajua akibaki itakuwa zamu yake. Akamchukua dada yake wa miaka 18 wakashuka bandari ya Hungnam. Mama akabaki na binti mdogo wa miaka sita, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu ilikuwa safari ya siku chache tu. Hungnam mwezi ule meli zilisomba raia wapatao 100,000. Meli moja ya mizigo, Meredith Victory, yenye nafasi ya abiria 12, ilibeba watu 14,000, na watoto watano wakazaliwa humo njiani. Bibi alipanda meli nyingine. Anachokumbuka ni kiu.

"Huyo Mmarekani na ramani yake," akasema, na hili mjukuu alilitafsiri taratibu, "hakuja kumwamsha kaka yangu."

Akanisogezea ngisi mwingine.

Nikauliza kama amejiandikisha kumtafuta mdogo wake. Tangu 1988 zaidi ya watu 130,000 wa Kusini wamejiandikisha serikalini kutafuta ndugu zao; majina yalikuwa yakitolewa kwa kura ya kompyuta, kama mia moja kwa mkutano mmoja, na wengi wameshakufa wakisubiri. Bibi hakujiandikisha. Mdogo wake akipatikana, alisema, ataulizwa kaka yako alikwenda wapi na kwa nini. Bora wadhani tulikufa.

Nyumba ya pili alikaa mzee ambaye yeye jina lake lilitoka. Mkutano ulipangwa kuanza Septemba 25, mlima Kumgang, huko Kaskazini. Ijumaa alituita tukauone mzigo wake: dawa za maumivu, vitamini, soksi, maboksi ya keki za Choco Pie, na fulana na suruali za ndani za baridi, jozi mbili, yake na ya mdogo wake, sare kama watoto wa Idi. Zote saizi moja. Akanishukuru kwa ajili ya Wahabeshi. Sikusahihisha.

Jumamosi, tarehe 21, ikatangazwa kwenye televisheni kwamba Kaskazini imeahirisha. Siku nne kabla. Mzee aliingia kwa bibi bila hodi, akakaa mbele ya televisheni, akaisikiliza habari mpaka mwisho, akabadilisha chaneli akaisikiliza tena yote. Kisha akatoka. Tulipokuwa tunakwenda kuvuka tuwahi basi, akatufuata ana mfuko. Ilikuwa ile fulana ya mdogo wake. Alisema Chuncheon ina baridi na mimi natoka kwenye joto. Tena askari wa kwetu waliganda kule milimani wakati wa vita na hakuna aliyewapa nguo. Ningesema nini? Niliinama, nikapokea kwa mikono miwili, kulabu nimeibana kwapani.

Naona nimetumia nafasi yote kwa ngisi na fulana, na swali lenu liko palepale.

Nilianza barua hii nikiwa na jibu moja, sasa mkono unaandika jingine. Mstari wa 1945 uliwatenga watu; haukuwafyatulia risasi. Kufikia Juni 1949 Warusi walikwisha kuondoa majeshi yao na Wamarekani wakawa wamebakisha washauri tu. Aliyevusha jeshi Juni 25, 1950 ni Kim Il Sung, mtawala wa Kaskazini, baada ya kumwomba Stalin mara kwa mara mpaka akamkubalia. Huo ni uamuzi wa Mkorea, na kwangu ndio mzito kuliko yote. Baba yangu ni marehemu, vinginevyo leo tusingekula pamoja.

Ila msininukuu nusu. Syngman Rhee, rais wa Kusini wakati ule, naye alihubiri kupanda kaskazini kwa nguvu. Kilichomzuia, miongoni mwa mengine, ni kwamba Wamarekani walimnyima silaha nzito. Kiangazi kile cha 1950 serikali yake iliua makumi elfu ya raia wake yenyewe, watu walioandikishwa kwenye umoja wa Bodo kwa kushukiwa ukomunisti. Na Kim bila vifaru vya Warusi angevuka na nini? Na tani 635,000 za mabomu ya Wamarekani hazikuuliza nani alivuka na nani alikuwa analala. Kisha mazungumzo yalianza Julai 1951, yakaburutwa miaka miwili, sehemu kubwa kwa kugombea wafungwa wa kivita, vijana wakiendelea kufia vilima visivyo na majina, hadi Julai 27, 1953. Na hiyo ilikuwa saini ya kusitisha mapigano tu. Kusini haikutia saini, na mkataba wa amani haujawahi kuwapo. Naona "na" zangu zimekuwa nyingi kuliko jibu lenyewe.

Halafu kuna ule ua wa kina bibi, ambao sijui niuweke fungu gani katika mafungu yenu mawili. Pale alianza nani? Jirani aliyekuja na karatasi? Kaka? Au baba, aliyekuwa akichukua kodi ya shamba, ambayo zamani zile kwa kawaida ilikuwa nusu ya mavuno? Hilo la mwisho sikumuuliza bibi. Nilikuwa mgeni, na nilikuwa nakula chakula chake.

Ambalo hamkuuliza, na ningependa mngeuliza, ni nani anaufunga mlango sasa, maana waliopigana karibu wote wamekufa. Mkutano wa mwisho wa ndugu ulikuwa Agosti 2018. Januari 2024 Kim Jong Un, mtawala wa Kaskazini na mjukuu wa Kim Il Sung, alitangaza kwamba habari ya kuungana imekwisha na Kusini ni adui. Oktoba mwaka huo barabara na reli za kwenda Kusini zikalipuliwa upande wa Kaskazini. Februari 2025 Serikali ya Kusini ikasema jumba la Kumgang, lililojengwa mahsusi kwa ajili ya ndugu kukutana, linabomolewa. Hapo lawama naiweka Pyongyang bila kupepesa. Lakini yule mwenzangu, mjukuu wa bibi, kijana mpole, aliyetafsiri yote yale kwa sauti inayotetemeka, nilimuuliza ndani ya basi kama anataka nchi iungane. Akasema itakuwa gharama kubwa sana. Akaweka spika masikioni.

Februari 2014 mkutano ulifanyika baada ya yote, na mzee alikwenda, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwenzangu aliniambia kwa simu. Siku hiyo theluji ilikuwa imejaa Chuncheon na mimi nilikuwa nimeivaa ile fulana, nikajikuta nimekaa. Mzee alilazimika kununua nyingine. Alinunua tena saizi yake mwenyewe, kwa sababu walipoachana mdogo wake ndiye aliyekuwa mrefu. Alipompimia juu ya koti, mikono ya fulana ilishuka ikafunika vidole. Mdogo mtu akacheka, akaikunja mara mbili.