Kwa straika aliyeniandikia usiku: usijifiche

Wiki iliyopita, saa saba usiku, kijana mmoja alinitumia ujumbe. Ana miaka 20, anacheza namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, na tangu mzunguko wa pili uanze hajafunga hata bao moja. Mechi tisa. "Kaka, mashabiki wananiita garasa, kocha siku hizi hanisemeshi, na mimi mwenyewe nimeanza kuuogopa mpira. Nifanyeje?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Kuitwa garasa nimeitwa. Kuzomewa nikitolewa dakika ya 60 nimezomewa, na bado niliamka asubuhi nikaenda mazoezini. Ila kuuogopa mpira ni ugonjwa mwingine. Niliuguza ndani ya kifua changu karibu msimu mzima bila kumwambia mtu, si mke wangu, si daktari wa timu. Kwa hiyo nilimjibu mistari miwili, nikamwahidi nitaandika kwa kirefu. Najua mko wengi kama yeye, mnaoamka alfajiri kukimbia kwa sababu mmeshaamua mtaishi kwa kufunga mabao. Nawaandikia nyote.

Mkataba wangu wa kwanza wa kulipwa nilisaini nikiwa na miaka 21. Msimu huo nilifunga mabao 14. Nayataja kwa sababu niliyatolea jasho na sioni aibu kuyataja. Sita kati ya hayo yalikuwa ya kichwa, na mimi si mrefu. Mabeki walionizidi kimo kwa kichwa kizima walikuwa wakiulizana nimetokea wapi. Nilikuwa simwangalii beki, namwangalia winga. Kabla ya kupiga krosi, winga yeyote huinamisha kichwa mara moja ya mwisho kuuangalia mpira. Nukta ile ndiyo yangu. Napiga hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, beki ananifuata, halafu nakata mbele yake kwenda nguzo ya karibu. Mpira unaponifikia yeye bado anageuza kiuno. Nilifanya hivyo mara mia na mpira ukanikuta mara sita. Hesabu ya straika ndiyo hiyo: mbio nyingi sana zisizoonwa na mtu, kwa ajili ya bao moja ambalo kila mtu ataliona.

Sasa nisikilize hili, maana ndipo kidonda changu kilipo. Mkataba ule ulikuwa na kipengele cha bonasi nikifikisha mabao 15. Nilifika 14 zikiwa zimebaki mechi tatu. Zote tatu nilikaa benchi. Sikuwa majeruhi, sikuwa na kadi, na hakuna aliyeniambia neno. Mechi ya mwisho tulikuwa tunaongoza mabao matatu, nikaambiwa nipashe misuli, nikapasha dakika 20 pembeni ya uwanja, filimbi ikapulizwa nikiwa bado nimevaa bipsi, ile fulana ya wachezaji wa akiba. Miaka imepita na nikifumba macho bado naiona ile bipsi ya njano. Sikumuuliza mtu kwa nini. Nilienda kuoga. Hapo ndipo nilipoanza kujificha, ingawa sikulijua jina lake wakati huo.

Msimu wa pili ulianza na penalti. Mita 11, mimi na kipa, dakika ya nane ya mechi ya kwanza. Niliipaisha. Mechi iliyofuata nikagonga mwamba, ya tatu nikabaki na kipa peke yetu nikampiga mguuni. Baada ya hapo ukame ukaingia, mechi moja hadi nyingine, hadi zikafika 11.

Watu wengi hawajui straika anavyojificha, kwa sababu akijificha anaonekana kama anajituma. Nilianza kushuka hadi katikati ya uwanja kufuata mpira miguuni mwa mabeki wetu. Nikawa natoka pembeni kucheza kama winga. Krosi ikija nachelewa nusu hatua, kisha naishika shingo yangu kama mtu aliyeikosa kwa bahati mbaya. Nikiwa ndani ya boksi na nafasi ya kupiga ipo, natoa pasi. Mashabiki walinipigia makofi! Waliona nimelowa jasho, wakasema huyu bahati tu hana. Kumbe mimi nilikuwa nimeamua, bila kujikiri, kwamba ni afadhali nisipige kuliko kupiga nikakosa.

Aliyenikamata alikuwa kocha msaidizi, mtu mkimya ambaye hadi siku ile nilidhani hanipendi. Aliniita peke yangu kwenye chumba cha video. Akacheza krosi moja, akasimamisha picha. Mpira uko hewani, unashuka mita tano mbele ya goli. Pale unaposhukia hakuna mtu. Mimi niko nje kidogo ya boksi, nimenyoosha mkono namwonyesha kiungo aende yeye. Akacheza krosi ya pili, akasimamisha. Mkono ule ule. Ya tatu, mkono ule ule. Alicheza saba. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza tu, "Huyu unayemwonyesha, yeye ndiye namba tisa?"

Nililia mbele yake. Sijawahi kuandika hilo popote hadi leo.

Akanipa daftari dogo la mfukoni. Akaniambia kuanzia siku hiyo nisihesabu mabao, nihesabu mara ngapi nimeingia kwenye eneo la hatari kabla mpira haujafika. Kila baada ya mechi nichore vijiti. Mechi ya kwanza nilichora vinne. Vinne kwa dakika 90, kwa mtu anayejiita mshambuliaji! Wiki sita baadaye nilikuwa navuka 20. Bao lilipokuja lilikuwa la goti, mpira ulimponyoka kipa nikausukuma ndani kwa goti, na ni bao zuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwepo.

Kama hamniamini mimi, angalieni wakubwa. Fernando Torres alihamia Chelsea siku ya mwisho ya Januari 2011 kwa ada ya pauni milioni 50, na bao lake la kwanza akalipata mwishoni mwa Aprili. Miezi karibu mitatu, kila wiki dunia nzima ikimhesabia. Huyo ni mtu aliyefunga bao la ubingwa wa Ulaya kwa Hispania kwenye fainali ya mwaka 2008. Ukame hauchagui. Mwaka mmoja baada ya bao lile la Aprili, alikuwa anakimbia peke yake na mpira kwenye uwanja wa Barcelona, akampiga chenga kipa, akafunga, na Chelsea ikaenda fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Na kama una nafasi ya kutazama bao moja tu leo, tazama la kwanza la Ronaldo wa Brazil dhidi ya Ujerumani kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2002. Watu hukumbuka kosa la Oliver Kahn, kipa wa Ujerumani. Wewe tazama kilichotangulia. Ronaldo anapoteza mpira, anaanguka, anainuka, anaupokonya tena, anampa mwenzake Rivaldo. Rivaldo anapiga shuti. Hapo straika anayejificha angesimama kutazama shuti linakwenda wapi. Ronaldo alikuwa tayari mbioni. Kahn alipoutema, mpira ulimkuta yeye. Alifunga mabao mawili siku ile, manane kwenye mashindano yote, na miaka miwili kabla yake goti lake lilikuwa limeachana vibaya mno, dakika chache tu baada ya kuingia uwanjani akitoka kwenye majeraha. Walikuwepo waliosema hatacheza tena.

Nimelitaja goti, basi nimalizie habari ya langu. Lilinipata nikiwa na miaka 26, mazoezini, bila kuguswa na mtu. Nilitua baada ya kupiga kichwa nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Kano ya mbele ya goti ilikuwa imekatika. Miezi tisa ya kulinyoosha na kulikunja sitawasimulia, haina la kusisimua, kila siku ni kama jana. Ninachotaka kijana wangu akijue ni kwamba goti lile lilikuwa linaniuma wiki tatu kabla. Nilijua. Nilificha. Kulikuwa na straika mpya amesajiliwa dirisha dogo na niliogopa nikisema naumwa atachukua nafasi yangu. Sikuweza kumwambia daktari kitu ambacho mguu ulikuwa unanipigia kelele kila nikipanda ngazi. Siwezi kuapa kwamba ningesema kano ingepona. Ila najua nilikuwa na wiki tatu za kusema na sikusema. Marco van Basten, straika wa Uholanzi, aliacha kucheza akiwa bado na umri wa kufunga mabao kwa miaka mingine mingi, mechi yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1993 akiwa na miaka 28, kifundo cha mguu kimekataa. Ukiumwa, sema siku hiyo hiyo. Nafasi inarudi.

Na nilipokuwa kitandani, klabu ile ikaacha kunilipa. Mwezi wa kwanza wakasema benki. Wa pili wakasema nivumilie, sisi ni familia. Ikafika miezi minne. Mimi nikanyamaza, nikiamini nikidai wataniona mkorofi na hawatanirudisha kikosini. Baadaye sana ndipo nikajifunza kwamba kanuni za FIFA zinamlinda mchezaji: klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, ukaidai kwa maandishi na kuipa angalau siku 15, na bado isilipe, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Nilikuwa na haki hiyo mkononi na nikailalia. Wakala wangu naye hakuniambia, na mkataba wangu na yeye sikuwa nimeusoma hata ukurasa mmoja. Wewe usome. Mkataba wa wakala na mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, kwa hiyo akikuletea karatasi ya miaka mitano hapo tayari umeshamjua. Wa klabu ukibakiza miezi sita, unaruhusiwa kuanza mazungumzo na klabu nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Na kipengele cha bonasi kikiwepo, uliza mbele yao, kwa sauti: nikiwekwa benchi makusudi inakuwaje? Watakutazama vibaya. Waache wakutazame.

Mnaona ninachosema? Ni kitu kile kile. Kuichelewa krosi, kumficha daktari goti, kuogopa kuuliza mshahara wako. Nilikuwa mtu mmoja yule yule mahali pote patatu, nikinyanyua mkono kumwonyesha mwingine aende. Vijana huniuliza zoezi la kumalizia, shuti la kukunja, gym mara ngapi kwa wiki. Fanyeni, vyote ni vizuri. Ila sijaona zoezi linalomsaidia straika aliyekimbia kazi yake. Ingia kwenye boksi. Krosi ikipita, ingia tena. Ukikosa, nyoosha mkono uuombe tena mpira, mbele ya hao hao wanaokuzomea.

Na usiniambie umechelewa. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akaenda kucheza ligi za chini kabisa huku akifanya kazi kiwandani. Leicester walimchukua mwaka 2012, na msimu wake wa kwanza pale ulikuwa mgumu kiasi cha kufikiria kuacha. Mwaka 2015 akafunga katika mechi 11 mfululizo za Ligi Kuu ya Uingereza, akawa bingwa mwaka uliofuata, na akachukua kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora wa ligi, cha msimu wa 2019/20 akiwa na miaka 33. Didier Drogba alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na Le Mans akiwa na miaka 21. Mbwana Samatta alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na Aston Villa, akafunga na fainali ya Kombe la Ligi, na mwanzoni tu mwa msimu uliofuata akahamia Fenerbahçe ya Uturuki. Kazi hii haina shukrani ya kudumu, mdogo wangu. Jana haikulindi. Lakini na jana mbaya haikufungi.

Mimi nilirudi uwanjani nikacheza misimu mingine sita, klabu tatu. Sikufikisha tena mabao 14 kwa msimu. Nilifikisha 11, nikafikisha 9, na bonasi zangu zote nilizidai na nikalipwa. Daftari bado ninalo. Kurasa za mwanzo vijiti ni vichache na wino umefifia, unaona kabisa mkono wa mtu anayeona haya kuandika.

Umeniambia Jumamosi unacheza. Nunua daftari kabla ya hapo. Jumapili asubuhi niandikie, na sitaki kujua umefunga au hujafunga, hilo nitalisikia mwenyewe. Nitumie idadi ya vijiti.